Mita Nane za Lami

Kati ya zizi la Sjoukje na malisho ya ng'ambo
kuna barabara ya lami, upana wake mita nane.
Niliwahi kuipima kwa hatua
enzi ambazo hatua zilikuwa za bure.

Mimi ni dereva wa lori la maziwa. Miaka kumi na tisa
nimeshuka uwanjani hapa, nikaunga bomba langu,
nikaingia jikoni na matope yangu bila kubisha:
kahawa, kipande cha mkate wa tangawizi,
umbea wa Friesland nzima.

Aprili hii nangoja langoni.
Mikeka ya nyasi kavu imelowa dawa;
naikanyagisha tairi polepole, mbele, nyuma,
na mtu aliyevaa plastiki nyeupe toka utosi hadi kisigino
ananyunyizia tumbo la lori,
kila kona, kila nati.
Mwosha huoshwa, nawaza,
na wembe wa upepo unapita dirishani.

Ratiba imepinduliwa kichwa chini.
Kwanza mashamba ya mbali, yasiyo na shaka;
haya ya Sjoukje mwisho, peke yake tangini,
yasichanganyike na ya mtu,
kisha moja kwa moja kiwandani, kwenye moto,
nisisimame hata kwa haja ndogo.
Maziwa hayabadiliki rangi. Hilo ndilo linanitisha.
Meupe jana, meupe leo.

Na ng'ambo, kwenye malisho ya kukodi,
yuko Jitske, mtamba, mimba yake ya kwanza,
kiwele kimejaa, nyonga zimelegea.
Tangu amri itoke, hakuna kwato ya kuvuka lami.
Sjoukje amejaza fomu. Amepiga simu.
Amejaza fomu ya kuthibitisha fomu.
Alfajiri anasimama ukingo huu, Jitske ukingo ule,
wanatazamana
kama ndugu waliogombanishwa na mirathi.

"Mita nane!" aliniambia siku moja,
nami nimefunga kioo, sauti haikufika.
Ugonjwa wa miguu na midomo:
miguu imepigwa marufuku,
midomo tunaisoma kupitia kioo.

Siku ya kumi na moja kibali kikaja.
Mnyama mmoja. Saa tatu hadi saa nne asubuhi.
Daktari Hylke akakagua ulimi, ufizi, katikati ya kwato,
akapima joto, akaandika, akapima tena.
Turubai likatandikwa juu ya lami,
unga wa mbao ukamwagwa juu ya turubai,
askari wawili wakafunga barabara,
na wa kwanza kwenye foleni nilikuwa mimi.
Nikazima injini.

Jitske akakataa.
Akaweka miguu miwili turubaini, akanusa, akaganda.
Watu weupe wanne, hawana nyuso, wananuka klorini:
ng'ombe gani mwenye akili angewafuata?
Sjoukje akamwita. Sauti ikafia ndani ya barakoa.
Saa tatu na nusu. Saa tatu na dakika arobaini.
Hylke akatazama saa yake, kisha akatazama mfereji.

Ndipo Sjoukje akachukua ndoo tupu,
akaigeuza, akaipiga tako kwa kiganja:
mbili, pumziko, moja.
Mlio wa uji wa ndama, wa miaka miwili iliyopita.
Sikio moja likainuka.
Hatua kumi na tatu. Nilizihesabu.
Nyuma yake wakakunja turubai, wakafagia,
wakamwaga dawa pale alipokuwa hajakanyaga hata.

Kesho yake nikarudi, nikaoshwa, nikafyonza maziwa.
Dang'a haipandi lori, hiyo ni ya mwenyewe.
Dirishani mwa jikoni palibandikwa boksi lililokatwa,
maandishi ya kalamu nene:
JIKE. KILO 38.
Chini yake kachora kikombe, kibaya, mpini umepinda.

Nikapiga honi mara moja.
Honi bado haihitaji kibali.