Ndani ya Ulanga

Shedi namba kumi na moja, Kilindini.
Sanduku la mawe lasubiri muhuri wangu.
Fomu yauliza: Bidhaa gani? Thamani kiasi gani?

Jiwe zito, kijani cha chupa iliyozeeka,
limetoka chini kuliko kisima chochote,
chini ya ganda la dunia,
huko mawe hulainika kama halua sufuriani.

Ubavuni, ulanga. Kurasa za kahawia.
Nauchambua kwa wembe, jani kwa jani,
kama mama alivyobandua manda za sambusa
zingali moto, akipuliza vidole.

Jani la saba: punje nyeusi.
Kaboni.
Ndugu ya almasi,
ndugu ya makaa ya Bi Mwanakombo wa Mwembe Tayari
anayeyapima kwa mkebe wa rangi.

Nani aliyeifungia humo?
Moto wote ule, na ulanga haukufumbua.

Chengo acheka: "Uchafu huo, pangusa."
Napangusa.
Kidole chaacha mstari juu ya fomu,
mweusi, laini, wenye kung'aa kidogo,
palepale palipoulizwa thamani.

Nagonga muhuri pembeni,
nisiufunike.