Mistari Kumi na Miwili

Kemi, Januari. Saa nne asubuhi na taa za barabarani zingali zinawaka.
Mashine ya tatu imesimama tangu juzi.
Tuovi Keskitalo amevua glavu moja,
nyingine ameisahau mkononi.

Wamempa kilichobaki: faili moja, kilobaiti mia mbili na ushei,
programu iendeshayo mvuke wa mitungi ya kukaushia karatasi.
Na chanzo chake?
Wakacheka, kicheko cha watu wasiolala.
Chanzo alikuwa nacho Ensio.
Ensio alikufa mwaka ule barafu ilipochelewa kuvunjika mtoni,
na kompyuta yake mpwa wake aliipeleka jalalani
pamoja na magodoro.

Basi anasoma, tarakimu na herufi, safu kwa safu,
kama apapasaye ukuta gizani akitafuta swichi.

Kikusanyi humeza maneno ya mtu, hutema amri.
Gogo liingialo lango la nyuma la kiwanda hiki
lina gome, lina fundo, pengine lina kovu la shoka la mtoto;
litokalo lango la mbele ni karatasi,
nyeupe pe, haimjui ndege hata mmoja.

Lakini Ensio alikuwa na haraka. Au mvivu.
Au alijua.
Hakuyafuta mabaki ya kusakia hitilafu,
na huko mkiani mwa faili, katikati ya takataka,
neno lasomeka, kisha jingine:

D:\ENSIO\KUIVAIN\HOYRY.C
D:\ENSIO\KUIVAIN\PUMPPU.C
D:\ENSIO\KUIVAIN\HILKKA.C

Kikaushio, ndani yake mvuke, na pampu.
Na Hilkka.
Hilkka si kifaa.

"Hilkka nani?"
Urho Alatalo anakaza kifuniko cha chupa ya kahawa
ambacho kilikuwa kimekazwa tayari.
"Alikuwa zamu ya usiku. Kabla yangu."
Hakuongeza.

Husemwa asiyekuwepo na lake halipo.
Tazama, la Ensio lipo: jedwali la mistari,
nyayo zake kwenye theluji, amri kwa amri,
kila moja ikitaja mstari iliyozaliwa.
118, funga valvu.
119, anza kuhesabu.
132, ngoja sekunde arobaini.

Anarudi nyuma. Anasoma tena.
119. Kisha 132.
Katikati, mistari kumi na miwili
isiyozaa hata amri moja.

Mtu haachi mistari kumi na miwili tupu.
Hapo palikuwa na maneno,
ya binadamu kwa binadamu atakayekuja,
na kikusanyi kiliyaruka kama kilivyofunzwa.
Urefu wake umehifadhika. Tarehe, jina, lawama,
kilichotokea usiku gani, nani aliufungua mlango mapema,
hivyo havipo, na hakuna chombo duniani cha kuvirudisha.

Meneja ameandika kwa wino mwekundu:
kihisi kipya kinadhani programu imekufa inaposubiri;
sekunde arobaini ni hasara; ziondolewe.
Ni kazi ya baiti moja. 28 iwe 00.
Kidole kiko juu ya kitufe, na kidole hicho ndicho chenye glavu.

Akaivua.
Akaenda kwenye kihisi, akakifundisha subira:
hamsini, kwa usalama.
Kwenye ripoti akaandika:
*Hilkka.c, kati ya 119 na 132, kuna sababu.
Siijui. Isiguswe.*

Mchana mashine ikaamka na mngurumo wake wa tumboni.
Urho akamsindikiza kupita mitungi.
Kwenye mlango wa wa nne akasimama, mkono hewani,
hajaugusa mpini, midomo ikienda bila sauti.
Miaka ishirini na sita kazini, hajawahi kuona msimbo wowote.

Tuovi akasimama naye.
Kumi na saba. Kumi na nane.