Ukurasa wa Mia Tatu na Kumi

Sarajevo, mwezi wa kumi wa kuzingirwa.
Tumeshachoma viti, fremu, viatu vya marehemu babangu;
leo zamu ya riwaya.
"Soma kwanza," alisema Jasenka, "ndipo ulishe jiko."

Luteni akambusu muuguzi darajani,
kisha luteni, daraja na busu
vikaivisha kikombe kimoja cha mchele.

Ukurasa wa mwisho aliuficha soksini.

Alfajiri akatoka kufuata maji.
Kule mlimani kulikuwa na mtu na darubini yake.

Alirejea magharibi,
dumu limetobolewa na risasi,
kidole chake kimeziba tundu njia nzima,
kimegeuka buluu.
Nikakitia mdomoni.

"Wale wawili, walioana?"
Akachomoa karatasi, akaikunja mara nne.
"Washa," alisema. "Nataka chai."