Kifungu cha Tisa

Jumanne, saa nne asubuhi, Isevya, umeme upo.
Bi Kalunde Ndaki ameleta katiba ya wafuga nyuki wa Ipole
ndani ya mfuko wa rambo, pamoja na chupa ya asali
ambayo si malipo, amesema, ni ya kuonja tu.

Vifungu ishirini na vinane.
Aliyeichapa zamani alizipiga namba kwa kidole,
moja, nukta, nafasi; mbili, nukta, nafasi,
kama anayepigilia misumari ukutani:
ukihamisha picha, unabaki na matundu.

Siku mbili nimeing'oa misumari.
Nimeziacha namba zijihesabu zenyewe,
na kila palipoandikwa "rejea kifungu fulani"
nimefunga uzi usioonekana.
Ukipagusa, panavaa kivuli cha kijivu,
ukiondoka, panajifanya maneno ya kawaida.

"Sasa vinafahamiana," nikamwambia.
"Ukikitoa kimoja, vingine vitasogea
kama wagonjwa kwenye benchi la Kitete,
na kinachokitaja kingine kitakitaja kwa namba yake mpya."

Akavua miwani, akaifuta kwa upindo wa kitenge.
"Basi kitoe cha tisa."

Cha tisa nilikichapa jana, nakikumbuka:
Mwanachama akifariki, mizinga yake ni ya mjane wake,
naye atakaa kikaoni kwenye kiti cha marehemu.

"Wamepiga kura. Ishirini na sita kwa tano.
Nami ni katibu mpaka utakapochapa."

Nikakipaka kivuli. Nikafuta.
Cha kumi kikawa cha tisa papo hapo, bila matanga:
Atakayechelewa kikao atalipa shilingi elfu mbili.

Kwetu hatuhesabu hivyo.
Mama alizaa sita. Mwashi, wa tatu, tulimzika Uyui,
mwaka ambao mvua ilikata barabara,
na mimi niliyemfuata ziwa
mpaka leo ni wa nne.
Ukimuuliza ana wangapi, anakunja vidole sita.
Cha tatu anakikunja polepole,
lakini anakikunja.

Nikachagua maandishi yote, nikabonyeza F9.
Namba zikapepesa, zikatulia.
Kumi na mbili ikawa kumi na moja,
ishirini na tatu (b), ishirini na mbili (b),
safi, kama watoto wa gwaride.
Ila mahali patatu, kwa herufi nene:

Mgawo wa asali utazingatia haki iliyotajwa katika
HITILAFU! CHANZO CHA REJEO HAKIKUPATIKANA.

"Hiyo ni nini?"

Ni maneno yaliyomtegemea aliyeondolewa, nikasema.
Zile namba za misumari zingenyamaza,
zingeendelea kusema "rejea cha tisa",
na mjane angefunua ukurasa
akakuta faini ya kuchelewa.
"Niyafute? Dakika mbili tu."

Hakujibu. Akaomba nimshushie mpaka chini,
kwenye nyongeza, orodha ya wanachama.
Kidole chake kikateremka juu ya kioo,
kikaacha alama ya mafuta
kwenye namba kumi na saba:
Ndaki Lugembe (marehemu), mizinga arobaini na miwili.

Lori la tumbaku likapita, vioo vikatetemeka.

"Usifute," akasema. "Kule kwetu katiba husomwa kwa sauti,
kila mtu kifungu chake, zamu kwa zamu,
hata yule asiyejua vizuri, anasaidiwa.
Nataka nisikie
nani litamwangukia hilo."

"Herufi nene hivyo hivyo?"
"Hivyo hivyo."

Nakala thelathini na moja, kurasa saba kila moja.
Printa ilikwama mara mbili, nikaipiga kofi.
Aliomba apunguziwe, nikapunguza elfu mbili,
akataka risiti yenye mhuri, nikampa.

Alipofika mlangoni nikaikumbuka chupa.
Sisimizi walikuwa wameshapanga mstari.