Gonga, Utege Sikio

Skaidrīte aliileta diski ndani ya soksi ya sufu,
soksi ya mume, kisigino kimetiwa kiraka cha kijani.
Nje, tramu ya Daugavpils imekwama kwenye theluji,
dereva ameshuka, anavuta sigara, anaitazama tu.

"Nimeichomeka," akasema, "kompyuta ikaniuliza swali."
Nalijua swali hilo. Wateja huja nalo
wamelikariri kama namba ya kitanda cha hospitali:
Diski hii haisomeki. Je, ungependa kuifomati?
Kitufe cha kukubali kimekolezwa rangi,
cha kukataa kimefifia, kama kinaona haya.
Kidole chake kilikwisha kufika.
Jikoni maziwa yakafurika. Akakimbilia maziwa.

Nikamwambia: mama, yashukuru maziwa.

Marehemu Ilgvars alitumia Linux,
kwa ubishi, asema mkewe, ubishi uleule
wa kufuga nyuki katika mizinga aliyoiranda mwenyewe.
Kompyuta yake ilikufa Machi. Yeye akaifuata Aprili.
Ya mkewe ni Windows, ya kulipia umeme
na kumwona mjukuu aliyeko Dublin.
Haikuwa na nia mbaya, mashine ya watu.
Iliona maandishi isiyoyajua
ikadhani ni ukurasa mtupu.

Sikumwambia habari za Zarembo,
mteja wangu wa kwanza, mwaka niliofungua duka.
Mimi nilibofya Ndiyo.
Miaka kumi na mmoja ya barua za binti yake.
Alinishika bega, akasema si neno.
Ni neno. Hadi leo ni neno.

Kwa hiyo sasa: usiandike chochote juu yake.
Soma tu. Hata tarehe usiiguse.
Nakili kipande kwa kipande, diski nzima, pamoja na palipo patupu,
maana patupu pa huyu ni ghala la yule.
Ilikuwa inakwaruza. Asilimia arobaini, ikagoma.
Nikaizima, nikaipoza dirishani kando ya mche wa bizari
usiotaka kuota, nikaiwasha tena.
Asilimia sabini. Skaidrīte anafuma kitu kisicho na umbo,
anafumua, anaanza upya, haulizi.

Saa tatu usiku folda zikafunguka.
Hamkuwa na picha hata moja. Si ya harusi, si ya mjukuu.
Nikaona aibu, kama niliyeziiba mimi.
Mafaili ya sauti tu, mia mbili na sita,
kila moja tarehe na namba: Januari, mzinga wa kwanza;
Januari, mzinga wa pili.

Akacheka, mara ya kwanza tangu aingie.
"Wakati wa baridi mzinga haufunguliwi," akasema,
"utawaua. Unagonga ubavuni kwa kifundo cha kidole
halafu unatega sikio. Wakivuma, wapo."

Tukasikiliza.
Ko, ko. Na mvumo, mbali, kama friji ya jirani.
Ko, ko. Mvumo mnene, wenye hasira ya kuamshwa.
Wa tatu. Wa nne. Wa tano alikohoa katikati.
Wa sita.
Wa saba, baridi yake ya mwisho.
Ko, ko.
Kimya.
Ko, ko, ko, kwa nguvu zaidi.
Kimya.

Nikapeleka mshale kwenye faili la nane.
Akanishika mkono.
"Rudisha hilo la saba."
Nikarudisha.
"Ongeza sauti."
Nikaongeza hadi mwisho, spika zikaanza kukoroma,
na mle ndani ya kimya,
karibu kabisa na kipaza sauti,
mtu alikuwa anahema polepole
akingoja kujibiwa.