Birika la Farasi

Ofisi ya ardhi, Tolmin, Februari.
Theluji imeziba nusu ya dirisha.
Mimi, kahawa iliyopoa, na folda
yenye matabaka mia nne na kumi na mawili:
mito, mabomba, mizabibu, mipaka ya urithi,
yote yamesimama juu ya umbo la dunia la zamani
ambalo wizara imelifuta kwa barua ya kurasa mbili.

Nimeandika mistari kumi na tisa
kwa lugha yenye jina la chatu.
Kwa kila faili katika folda:
soma, geuza, hifadhi.
Basi. Chatu hatafuni, humeza.

Mto Soča ukaingia, ukatoka
mita mia kadhaa kando ya ulipolala jana,
na maji yake hayana habari.
Kanisa likahama na kengele yake.
Nyumba ya Zdenka, ninakopanga chumba cha juu,
ikavuka barabara, ikakanyaga shamba la jirani,
na hakuna kikombe kilichotikisika kabatini.
Kuhama bila kufunga hata kijiko!
Mama, aliyelala hemani majira mawili ya baridi,
angenicheka.

Faili la mia mbili na kumi na saba,
chatu akakabwa.
Makaburi ya Zalesje. Mistari ipo, namba zipo,
ila hapakuandikwa zilianza kuhesabiwa wapi.
Skrini ikajaa wekundu.
Mwacha asili ni mtumwa, wanasema;
huyu hakuiacha,
hakuna aliyemwandikia.

Nikampigia Bogomir, mpimaji mstaafu.
Alikuwa anakaanga vitunguu, akakasirika kidogo.
"Nilianzia birika la farasi,
pembe ya kaskazini. Sifuri, sifuri."
Liko wapi?
Mwiko ukagonga sufuria.
"Lilipasuka usiku wa tetemeko.
Mawe yake tulimjengea kaka yangu kaburi."

Nikalirudia tabaka.
Safu ya tatu, karibu na ukuta,
kimstatili kidogo kisicho na jina:
sifuri imezikwa ndani ya hesabu yake yenyewe.

Nilishika kwa mkono mlango wa kanisa,
kona ya ukuta, nguzo ya daraja,
nikalivuta tabaka lote taratibu hadi likakaa.
Chatu akameza, akaendelea
hadi mia nne na kumi na mbili.

Mstari wa ishirini niliuongeza jioni.
Unaanza na alama ya reli,
kwa hiyo chatu huuruka bila kuusoma:
birika la farasi, pembe ya kaskazini.