Hodi Elfu Arobaini

Chumba ni kidogo, nyuma ya ghala la asali, Isevya.
Feni moja, kabati la chuma, harufu ya nta.
Seva inakoroma kama mtu aliyeshiba,
na kazi yake ni moja, kuitikia.
Hodi. Karibu.
Hodi. Karibu.
Ndoo ni bei gani leo? Karibu.
Malipo yangu yametoka? Karibu, karibu.

Saa nane na robo usiku nikauona mstari wa kwanza:
mgeni anaulizia mlango ambao hatujawahi kuujenga.
Kisha dirisha. Kisha ufunguo wa msimamizi.
Kisha, mahali pa kuandika jina,
akaandika alama mbili na nusu ya amri,
kama mtu anayekutajia ukoo wake
huku mkono umeshashika kitasa cha stoo.

Hodi mia. Hodi elfu nne.
Hodi elfu arobaini kabla chai yangu haijapoa,
kutoka miji nisiyoweza kuitamka,
zote kwa sauti moja, bila pumzi katikati.
Seva, kwa adabu yake, ikajibu, ikajibu,
ikaanza kukohoa.

Mama aliuza wanzuki Ng'ambo miaka kumi na tisa.
Walevi walimgongea usiku wa manane
na sheria yake ilikuwa fupi: hodi ni tatu,
ya nne ni shari.
Nikaiandika hivyo hivyo.
Mashine ilitaka mistari sita;
yeye lilimtosha komeo.
Na kila jina nikalipitisha kwenye chujio:
asali ishuke,
mbawa na miguu ya nyuki vibaki juu.

Kukapoa. Feni ikasikika tena.
Nikalala na viatu.

Saa moja asubuhi, simu.
Mlekwa wa Kitunda,
yule anayepanda kichuguu kutafuta mtandao:
"Dada, nimewakosea nini? Mmenifungia."

Nikatazama. Kweli, yumo katikati ya wezi,
anwani yake imebanwa kati ya mbili zao.
Hodi kumi na moja. Mtandao unakatika, anabonyeza.
Unakatika, anabonyeza.

Mama angemjua kwa kikohozi.
Mimi sina sikio hilo, nina mistari sita tu.
Nikaongeza wa saba: *usimfukuze, mwambie asubiri.*
Sijui kama utatosha usiku wa leo.

"Upo?" akauliza juu ya kichuguu chake.
Nipo.
"Basi andika. Ndoo tatu. Ya miombo."